Neno Moja la Kizungu

Mwaka wa kupogoa chai, shamba huonekana kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa, na jikoni hakuna mtu wa kulalamikia kuni. Matawi makavu ya mchai huwaka polepole. Moshi wake ni mchungu mwanzoni, halafu kuna utamu fulani unaokuja nyuma yake, na ukishaingia kwenye sweta hautoki hata uifue kwa sabuni gani. Tulimzika Mama mwaka kama huo. Waombolezaji walipokwisha kurudi makwao na sufuria za kuazima zikarudishwa kwa wenyewe, nilikaa jikoni kwake na binti yangu. Niliwasha moto kwa sababu ya ile harufu, baridi haikuwapo hata kidogo.

Binti yangu amelelewa Nakuru, na nadhani hata ndoto huota kwa Kizungu. Siku nzima alikuwa amesikia watu wakimsifu Kogo, nyanya yake, kwa Kipsigis na Kiswahili, mengine akiyaelewa, mengine yakimpita. Akaniuliza, "Mum, Kogo alikuwa anajua English?"

"Alijua neno moja."

"Moja tu? Gani?"

"Those."

Alicheka mpaka akapaliwa na moshi. Nani anajua "those" peke yake? Watu hujua "thank you", hujua "good morning". Nikamwambia avute kigoda akae, kwa maana hilo neno mimi ndiye niliyempa Mama, na katika vitu vyote nilivyowahi kumpa, hata tangi la maji, hakuna alichokitunza kama hicho.

Nyumbani kwetu ni upande wa Litein, kwenye mteremko unaoanzia barabarani na kuishia mtoni, na kote katikati ni chai. Mama alichuma chai yetu, na yetu ikiisha alichuma ya majirani pamoja na kundi la wanawake waliokuwa wakisaidiana shamba kwa shamba. Wengi walikuwa Wakipsigis na wachache Wakisii, kwa hiyo wakiwa pamoja waliongea Kiswahili, kile chetu ambacho hakijawahi kuona bahari. Asubuhi, kabla umande haujakauka, walijifunga aproni za plastiki kutoka kifuani hadi kwenye gambuti. Wakitembea, zile aproni zililia kwaru kwaru, nami kitandani nikajua Mama ameondoka. Hata leo mtu akikunja karatasi ya plastiki nyuma yangu, nageuka.

Mama hakuwa mtu wa kuonewa huruma, nataka hilo lieleweke mapema. Vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi wa utomvu wa chai, na alivitandaza mezani mbele ya wageni kama mwingine anavyoonyesha pete. Pale kituo cha chai, majani yanapopimwa, sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajafika. Lakini mama huyo huyo akija shuleni kwetu alikuwa mtu mwingine. Mikutano ya wazazi ilianza kwa Kiswahili, ikateleza polepole hadi kwenye Kizungu kama ng'ombe anayerudi kwenye shamba la mtu, na Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mikono ameificha ndani ya shuka. Alitoka kabla ya soda. Mwishowe akaacha kuja. "Niende kufanya nini?" alisema. "Kukaa pale kama gunia la majani?"

Mimi nilikuwa darasa la sita na nilikuwa najua Kizungu. Nasema hivyo bila haya, maana ndivyo nilivyojiona, na sijapona sana tangu hapo. Nilikuwa na nadharia zangu. Kwa Kipsigis, mtu mmoja hufuatwa na "ne", yaani ambaye, na watu wengi hufuatwa na "che", yaani ambao, huwezi kuchanganya hata ukiwa usingizini. Katika Kiswahili cha darasani tulikuwa tumeteswa na lile jambo la jani lililochumwa na majani yaliyochumwa, mtu anayechuma na watu wanaochuma, mpaka nikaelewa kwamba lugha zina adabu: neno linalofuata lazima liangalie lile lililotangulia ni la nani na wako wangapi. Basi Kizungu nacho, lugha iliyokuja kwa ndege, kingekosaje adabu hiyo? Ubaoni tulikuwa tumefundishwa kwamba kitabu kimoja kule ni "that" na vitabu vingi kule ni "those". Nikaunganisha mambo mwenyewe. Mwanamke mmoja anayechuma ni "the woman that". Wanawake wengi wanaochuma, kwa akili za kawaida, ni "the women those". Sikumuuliza mtu, kwa sababu mtu anayejua haulizi.

Mwalimu wetu wa Kizungu alikuwa Madam Chepkemoi, mzaliwa wa Kipkelion, mwembamba, mwenye sweta ya zambarau iliyojaa chaki begani. Mwaka huo alikuwa akituandalia shairi la kukariri kwa pamoja, tukashindane na shule za jirani kwenye ukumbi wa kanisa hapo Litein. Kichwa kilikuwa chai. Alituambia kila mtu aende nyumbani alete mstari wake kwa Kizungu, na mstari utakaompendeza, mwenyewe atausema peke yake mbele ya watu wote.

Niliuandika mstari wangu jikoni, kwenye moshi huu huu, huku Mama akianika aproni yake karibu na moto. Nilipomaliza nikamsomea: "The women those pick the tea in the rain are the women those carried us." Mama akauliza maana yake. Nikamwambia kwa Kipsigis: wanawake wale wanaochuma chai mvuani ndio waliotubeba mgongoni.

"Hao ni sisi?"

"Ni nyinyi. Uje usikie."

"Nitasikia nini? Mtaongea yenu mpaka jioni, nami sitajua ni wapi mmenitaja."

Ndipo nilipompa. Nikamwambia kuna neno moja tu la kutega sikio, "those". Likipita, ni wao. Ulimi wa Mama haukuwa na nafasi ya ile "th", akajaribu, akatoa "toos". Akarudia, "Toos. Hiyo ni che?"

"Ni che kabisa. Si mtu mmoja. Ni wote."

"Na watu wakiitwa hivyo kwa Kizungu wanafanya nini?"

Nilifikiria. Darasani kwetu Madam alilitumia neno hilo karibu kila siku akiingia akikuta kelele, na matokeo yalikuwa yale yale. "Wanasimama," nikasema.

Mama hakuweza kukaa na jambo tumboni. Kesho yake jioni, nilipopita shambani kwa Mama Cherono nikitoka shule, wanawake wote walikuwa nalo. Mama Cherono, jirani yetu mrefu mwenye kicheko cha kuruka mto, alikuwa akiita katikati ya mistari ya chai, "Wewe toos, sogea huko, umenikanyagia mti." Na mwingine, Mama Moraa, aliyekuja kwetu kutoka Kisii, akanishika bega akasema, "Msichana, sisi tunakuja hiyo siku. Lakini usitupoteze. Tukae pale tungoje hiyo neno, halafu isikuje? Tutachekwa."

"Itakuja," nikasema.

Mama aliongezea kwamba hawatavaa nguo za kanisani. "Kama tunaitwa wale wa kuchuma chai, tutaenda kama wale wa kuchuma chai." Jioni hiyo aliosha aproni yake kwa sabuni ya vyombo, akaipangusa mpaka ikang'aa, na sikuwahi kumwona mtu akiosha aproni ya shamba namna hiyo.

Madam Chepkemoi aliupenda mstari wangu. Alisema ndio bora kuliko yote na solo ni yangu. Kisha akachukua chaki, akaandika mstari ubaoni, akasimama akiutazama.

"Hii 'those' inafanya nini hapa?"

"Madam, wanawake ni wengi."

"Najua ni wengi. Ni 'that'."

"'That' ni ya mmoja, Madam."

"Hiyo ni 'that' ingine. Hii haina wingi. The woman that picks, the women that pick. Kitenzi ndiyo inabadilika. 'That' inabaki tu vile iko."

Sikuridhika, na ilionekana usoni. Madam alishuka kutoka ubaoni akakaa kwenye ukingo wa dawati la mbele. "Nyinyi nyumbani mnasemaje? 'Mtu yenye alikuja.' 'Watu yenye walikuja.' 'Ng'ombe yenye imepotea.' Si ni 'yenye' tu kila mahali? Basi hiyo 'that' ndiyo 'yenye' ya Wazungu."

Darasa liliangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa nimepigwa na butwaa. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa akitukata alama kwa hiyo "yenye" tangu darasa la nne, akisema ni lugha ya sokoni, ni uvivu wa kutojali ngeli. Kumbe Kizungu chenyewe, kilichotufanya tuwe na haya ya kufungua midomo, kilikuwa kinasema "yenye" mchana peupe na kupewa alama zote. Kwa muda nilijisikia mkubwa. Nilitazama nje kwenye chai nikajiona kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wa heshima naye ana soksi iliyotoboka.

Raha hiyo haikukaa. Nilimkumbuka Mama na neno lake. Kama "those" inaondoka, Mama na wenzake wangekaa ukumbini kutwa nzima, aproni zimeoshwa, masikio yametegwa, na lile neno lisipite kamwe. Angerudi nyumbani akijua kwamba hata mtoto wake mwenyewe, alipopewa nafasi ya kumtaja, alimtaja kwa namna asiyoweza kuisikia. Nikanyoosha mkono. Nikamwomba Madam aniruhusu niseme "those" hivyo hivyo.

"Ukisema 'the women those' mbele ya majaji, tumeanguka papo hapo," akasema, na hakuwa na hasira. "Shule nzima itachekwa kwa sababu yako. Ukishindwa na 'that' niambie, nipatie mwingine solo."

Nikasema sijashindwa. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikitii, nimevunja ahadi niliyompa Mama mbele ya wenzake. Nikikataa, nitaaibisha shule au ninyang'anywe mstari, na hata hivyo neno halitapita. Nyumbani sikuweza kumwambia. Mama alikuwa anatembea na lile neno mdomoni kama peremende. Alikamua ng'ombe akilisema, akasonga ugali akilisema. Nilijaribu kumwambia kwamba neno lake sasa ni "that", lakini lilikataa kutoka. "That" nilikuwa nimemwambia ni ya mmoja, na Mama hakutaka kwenda peke yake.

Siku moja kabla ya mashindano tulikuwa tunapiga kelele darasani kama kawaida. Madam alifungua mlango, akasimama, akasema yale aliyokuwa akisema mwaka mzima: "Those that were making noise, stand up."

Nikasimama. Sikuwa nimepiga kelele, kwa kweli nilikuwa nimenuna kwenye kona yangu tangu asubuhi. Nilisimama kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nimeisikia "those" tu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, masikio yangu yaliokota na kile kidude kinachofuata nyuma yake.

Madam alinishangaa. "Hata wewe?"

"Hapana Madam. Nimesikia tu."

"Umesikia nini?"

"Umesema 'those'. Halafu umesema 'that'. Zote."

Hakunielewa mara moja. Nikajieleza kwa lugha yake mwenyewe: "Ni 'wale yenye', Madam. 'Wale yenye walikuwa wanapiga kelele.' Wale ikuwe mbele, yenye ikuwe nyuma."

Madam Chepkemoi alitazama dari, nikaona midomo yake ikipima ile sentensi. Kisha akacheka, na kwa mara ya kwanza niligundua ana mwanya. "Those that pick the tea," akasema polepole. "Iko sawa. Haina makosa kabisa." Wapiga kelele walikuwa bado wamesimama wakingoja adhabu, naye akawasahau. Tuliandika mstari upya pamoja ubaoni, mimi nikisema, yeye akiandika. Kidude kile cha "that" kikabaki vile kilivyo, hakina wingi wala umoja, kazi yake kushika mlango tu. Anayehesabu watu ni yule wa mbele.

Siku yenyewe tulienda Litein kwa miguu. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa, majaji wamekaa mbele na maji yao, na sisi tulipangiwa baada ya chakula cha mchana. Huko kwetu mvua haibishi hodi. Mchana ukigeuka, inaingia. Tulipokuwa tunapanda jukwaani ilikuwa tayari inagonga mabati, na kufikia ubeti wa pili nilikuwa sisikii sauti ya aliyesimama ubavuni mwangu.

Nilimtafuta Mama. Aproni zilinionyesha. Walikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, kama kawaida yake, benchi zima la plastiki inayong'aa, vikapu miguuni, kwa kuwa walikuwa wametoka kupeleka majani. Mama alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio. Nikajua hasikii kitu. Neno lilikuwa tayari, limesahihishwa, limekubaliwa na Madam, na sasa mvua ndiyo iliyotaka kulimeza.

Wenzangu walimaliza sehemu yao wakanyamaza wakiningoja. Madam, chini ya jukwaa, alinionyesha ishara nianze. Sikuanza. Nilishuka ngazi za jukwaa, jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi, nikapita mbele ya meza ya majaji, nikaingia kwenye ile njia ya katikati ya mabenchi, nikatembea mpaka nikafika karibu nusu ya ukumbi. Hapo nikajaza kifua, nikapiga sauti ile ile Mama anayoitumia kituo cha chai.

"Those that pick the tea in the rain!"

Nikasikia kwaru kwaru. Mama alikuwa amesimama. Alisimama wima, mikono nje ya shuka, vile vidole vyeusi vimeshika ukingo wa aproni. Mama Cherono akasimama, Mama Moraa akasimama, na benchi zima likainuka kwa kelele za plastiki zilizoshindana na mabati.

"Those that carried us on their backs!"

Hapo sijui nani aliwaambia wengine. Mama mmoja nisiyemjua, wa shule nyingine kabisa, akawatazama wale waliosimama, akaweka mkoba chini, naye akasimama. Halafu mwingine upande wa pili. Jaji mwenye miwani aligeuka nyuma kuona kinachoendelea na kalamu yake ikabaki hewani.

"Those are our mothers," nikamaliza, na sikuhitaji tena kupiga kelele, kwa sababu aliyepaswa kusikia alikuwa amesikia.

Waliosimama hawakujua wakae lini. Sikuwa nimemfundisha Mama neno la kukaa. Wakabaki wima mpaka tukamaliza ubeti wa mwisho, mpaka tukashuka, mpaka shule iliyofuata ikapanda jukwaani, na hakuna mtu aliyethubutu kuwaambia. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilitunzwa siku hiyo kwa namna ambayo hakuna cheti kilichowahi kunitunza tena, na vyeti ninavyo.

Tulikuwa wa pili. Mama hakukubali mpaka anakufa. Alisema wa kwanza ni sisi, kwa kuwa shule iliyotushinda haikusimamisha mtu. Aliporudi kwenye mikutano ya wazazi alikaa safu ya mbele, na ikitokea mwalimu mkuu akateleza kwenye Kizungu, Mama alitega sikio tu akingoja neno lake, na likipita alinyanyua kidevu. Sisi watoto wake wote alituita hivyo. Tukija nyumbani Disemba, gari likiingia, alisema kwa sauti ng'ambo ya ua, "Toos wamefika."

Binti yangu alisogeza kigoda chake karibu na changu. Nikamwambia la mwisho, ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Wiki ile Mama alipolazwa macho yalikuwa yamemwishia. Mchana mmoja waliingia wale waliobaki wa kundi lao, Mama Cherono akitembelea fimbo, Mama Moraa ameshikwa mkono, wakasimama kuzunguka kitanda bila neno. Mama alisikia miguu. Akauliza kwa sauti ndogo ni nani amekuja.

Nikainama sikioni mwake nikamwambia, "Ni those, Mama."

Akaweka kiganja kwenye godoro, akaanza kusimama.